Chernobyl, Ambako Macho Hayasaidii

Kabla basi halijaondoka Kyiv tuligawiwa karatasi ya kusaini. Ilikuwa orodha ndefu ya makatazo: usivae kaptura wala kandambili, usikae chini, usiweke begi ardhini, usile wala kuvuta sigara nje, usichume tunda, usiokote chochote, usimguse mbwa. Mwishoni kulikuwa na nafasi ya saini, ya kukiri kwamba lolote litakalokupata ni juu yako mwenyewe. Mpwa wangu, aliyekuwa akisomea udaktari jijini humo, alinitafsiria mstari kwa mstari, kisha akanitazama usoni.

"Mjomba, bado unataka kwenda?"

"Nimetoka Dar es Salaam, mwanangu. Nirudi nikasimulie nini?"

Tukasaini.

Ilikuwa vuli ya mwaka 2019, na mwaka huo kila mgeni wa Kyiv alitaka kuiona Chernobyl. Tamthilia ya televisheni ya HBO kuhusu maafa yake ilikuwa imerushwa katikati ya mwaka, na mwezi Julai Rais Volodymyr Zelensky akatia saini amri ya kulifanya eneo lile la maafa kivutio rasmi cha utalii. Hadi mwaka unakwisha, waliokwenda walikuwa wamepita laki moja. Basi letu dogo halikuwa na kiti kilichobaki. Kulikuwa na Waingereza waliovaa nguo za jeshi kutoka kichwani hadi miguuni, Mjerumani mzee mwenye kamera ya lenzi ndefu, vijana wa Kibrazili waliokuwa wakicheka tangu asubuhi, na mama mmoja wa Kipolandi, wa miaka arobaini na ushei, aliyefuatana na mwanawe. Weusi tulikuwa mimi na mpwa wangu tu.

Mwongozaji wetu alikuwa mwanamke wa Kiukraine mwenye sauti ya mwalimu aliyezoea darasa lenye kelele. Basi liliposhika barabara ya kaskazini alisimama na kuinua kifaa cha njano kinachoenea kiganjani. Kilikuwa kipima mionzi. Mionzi, alisema, haina rangi, haina harufu wala ladha, na inapokupiga huumii. "Leo mtaona vitu vingi vya kutisha. Vingi havina madhara. Na mtapita mahali pazuri, penye nyasi za kijani, ambapo sitawaruhusu kusimama. Msiyaamini macho yenu. Aminini hiki." Akakipitisha kiti kwa kiti ili tukisome. Kilionyesha maikrosiveti 0.12 kwa saa, kiwango cha kawaida cha mjini. Kengele yake ilitegwa ilie ikifika 0.30.

Kizuizi cha kwanza kiko Dytiatky, mwendo wa kama saa mbili kutoka Kyiv. Hapo ndipo linapoanzia eneo lililofungwa, kilomita 30 kukizunguka kinu cha nyuklia kilicholipuka mwaka 1986. Askari walikagua pasipoti moja moja. Pembeni kulikuwa na kibanda chenye rangi ya njano kilichouza fulana, sumaku za kubandika kwenye friji na vinyago vya kujikinga na gesi. Waingereza wale walinunua vinyago. Mwongozaji alitabasamu kidogo, akasema vingewafaa sana kwa picha.

Tuliposhuka kwa mara ya kwanza tulikuwa Zalissya, kijiji kilichohamishwa siku chache baada ya mlipuko. Msitu umekimeza. Unatembea kwenye njia nyembamba ukidhani uko porini, kumbe kulia kwako kuna duka, kushoto zahanati, na mti umeota katikati ya sebule ya watu. Ndani ya nyumba moja, kupitia dirisha lisilo na kioo, niliona kitanda cha chuma, viatu vya mtoto na magazeti yaliyogeuka vumbi. Mwili ulinisisimka. Nikamtazama mwongozaji, naye akanionyesha kipimo: 0.15. Sehemu ile iliyonitetemesha ilikuwa salama karibu sawa na chumba nilicholala Kyiv.

Mji wenyewe wa Chernobyl uko mbele kidogo, kilomita zipatazo 15 kusini mwa kinu. Wengi hudhani ni mji mfu, lakini una watu. Wafanyakazi wa eneo hilo huingia kwa zamu na kutoka, na kuna duka, hosteli na kituo cha zimamoto. Mbele ya kituo hicho pana mnara uliojengwa na wazimamoto wenyewe kwa mikono yao, kuwakumbuka wenzao waliofika kwenye kinu usiku ule wa Aprili 26, 1986. Viongozi wa vikosi viwili vya kwanza, Luteni Volodymyr Pravyk na Luteni Viktor Kibenok, walikuwa na miaka 23 kila mmoja. Waliambiwa paa linaungua. Walipanda kulizima wakiwa na nguo za kawaida za zimamoto, wakikanyaga vipande vya grafiti vilivyotoka ndani ya moyo wa kinu, na hakuna aliyewaambia ni nini. Wote wawili walifariki Mei 11 katika hospitali mjini Moscow, na wakazikwa huko katika majeneza ya zinki.

Mwongozaji alituonyesha pia jumba la utamaduni la mji. Ndani yake, Julai 1987, mkurugenzi wa kituo cha nyuklia, Viktor Bryukhanov, na wenzake walihukumiwa. Bryukhanov alipewa miaka kumi gerezani.

Pembeni mwa mji alikuwa anaishi bibi kizee, mmoja wa wale waliokataa kuhama. Watu wapatao 116,000 waliondolewa katika eneo hili mwaka 1986, lakini kama 1,200 walirudi kinyemela, wengi wao wazee, wakapenya msituni hadi kwenye nyumba zao. Serikali ilichoka kuwafukuza. Tulipofika kwao walikuwa wamebaki wasiozidi mia mbili. Bibi huyu alitoka akiwa amejifunga kilemba cha maua, na alipomwona mpwa wangu akimwamkia kwa heshima, alifurahi kupita kiasi. Alituletea tufaha kwenye sahani.

Hapo kukawa na kimya cha aibu. Kumkatalia mzee chakula ni utovu wa adabu kwetu, na nadhani hata kwao. Kijana mmoja wa Kibrazili akapendekeza tulipime tufaha. Mwongozaji akatikisa kichwa. Kifaa alichokuwa nacho, alieleza, hupima mionzi ya mahali ulipo, hakiwezi kukuambia kilichomo ndani ya tunda. Siziamu yenye mionzi iliyotoka kwenye kinu, ikishaingia kwenye chakula, inataka maabara. Akamshukuru bibi, akamweleza kwamba sheria haituruhusu. Bibi akacheka, akang'ata tufaha yeye mwenyewe, na kumwambia mpwa wangu maneno ambayo alinitafsiria baadaye tukiwa kwenye basi: wale waliohamishiwa mjini wamekufa kwa upweke, na yeye bado analima viazi vyake.

Niliwaza juu ya maneno yale kwa muda mrefu. Yawezekana alikuwa na haki. Lakini bibi wa miaka themanini anayeujua udongo wake na kuamua kuula, na mtoto anayenyweshwa maziwa bila kuambiwa kilichomo, hawako katika hali moja.

Safari ikaendelea hadi kwenye mnara wa Duga, rada ya zamani ya jeshi la Kisovieti, yenye urefu wa takriban mita 150 kwenda juu na mita 700 kwenda pembeni. Kazi yake ilikuwa kugundua makombora ya Marekani. Kitu kikubwa namna hiyo kilionekana toka mbali, ila kwenye ramani za wakati huo mahali hapo palionyeshwa kuwa kambi ya watoto. Tulipiga picha, tukaondoka.

Ni Kopachi ndipo kipimo kilipoanza kupiga kelele. Kopachi kilikuwa kijiji kilichochafuka kiasi kwamba nyumba zake zilibomolewa na kufukiwa, moja baada ya nyingine. Yamebaki majengo machache, likiwemo la shule ya chekechea. Njia ya kuingilia imezungukwa na miti mizuri, na ardhi imefunikwa na majani ya vuli yenye rangi ya dhahabu. Mwongozaji alisimama chini ya mti mmoja, akakishusha kifaa chake karibu na udongo. Namba zikaanza kupanda: 1, 3, 7, na kengele ikalia mfululizo. Hatua mbili kando, ikanyamaza. Vumbi la mwaka 1986 halikutua sawasawa. Mvua na upepo viliamua nani apate nini. Mjerumani mzee, aliyekuwa amepiga goti palepale kutafuta picha nzuri, aliinuka upesi akijipangusa suruali.

Ndani ya chekechea kuna vitanda vya chuma vya ghorofa, vidogo, na juu ya kimoja ameketishwa mwanasesere mwenye uso uliochakaa, akiangalia mlango. Kila mtu alimpiga picha. Nilimwuliza mwongozaji kama ndivyo alivyoachwa na mtoto wa siku ile. Alinijibu bila kupepesa macho kwamba mwanasesere huyo huhamahama. Wapiga picha humpanga wapendavyo, na wengine huja na wanasesere wao. Vinyago vya gesi vilivyotapakaa sakafuni katika shule moja ya Pripyat, vinavyoonekana katika kila makala ya Chernobyl, vilikuwa vya mazoezi ya ulinzi wa raia, vya vita ambavyo havikuja. Vilikuwa vimefungiwa stoo. Waporaji ndio waliovimwaga miaka ya baadaye. Hakuna mtoto aliyevaa kinyago siku ya kuondoka, kwa sababu hakuna mtoto aliyeambiwa kwamba kulikuwa na cha kujikinga nacho.

Kutoka Kopachi kinu kinaonekana. Sikukitarajia kiwe kizuri. Kinu nambari nne kimefunikwa na tao kubwa la chuma linalong'aa, lenye kimo cha mita 108 na upana wa mita 257, uzito wake ukiwa tani 36,000. Lilijengwa pembeni, kisha Novemba 2016 likasukumwa juu ya reli hadi likalifunika jengo la zege lililokuwa limejengwa haraka haraka mwaka 1986. Lilikusudiwa lidumu miaka mia moja. Tulisimama umbali wa mita mia chache. Kipimo kilisoma chini ya pale kwenye mti wa Kopachi.

Hapo ndipo mwongozaji alipotueleza kilichotokea, na naona ni vyema nikieleze kwa ufupi, maana wengi tunajua jina tu. Kulikuwa na jaribio la usalama. Walitaka kujua, umeme wa nje ukikatika, kama turbini inayozunguka kwa nguvu iliyobaki inaweza kuendesha pampu za maji ya kupoza kinu hadi jenereta za dizeli ziwake. Jaribio lilipangwa lifanyike mchana wa Aprili 25. Kyiv ikahitaji umeme, likaahirishwa, likaangukia zamu ya usiku ambayo haikuandaliwa. Nguvu ya kinu ikaporomoka kupita kiasi. Ili kuipandisha, waendeshaji wakachomoa karibu fito zote za kudhibiti. Saa 7:23 usiku wakabonyeza kitufe cha dharura ili fito zote zirudi ndani na kinu kizimike. Fito hizo zilikuwa na ncha za grafiti, na grafiti huchochea badala ya kuzima. Ni sawa na gari ambalo ukikanyaga breki, kwa nukta chache za mwanzo, linaongeza mwendo. Kinu kilipasuka, na mfuniko wake wenye uzito wa takriban tani 2,000 ukarushwa.

Jambo lililonikaa moyoni ni kwamba kasoro hiyo ya ncha ilikuwa inajulikana. Ilionekana mwaka 1983 katika kinu cha Ignalina, Lithuania, na barua zikaandikwa. Waliokuwa kwenye chumba cha uendeshaji Chernobyl usiku ule hawakuelezwa uzito wake. Agosti 1986, mbele ya wataalamu wa dunia mjini Vienna, wajumbe wa Kisovieti waliwatwisha waendeshaji lawama karibu zote. Ilibidi kusubiri hadi 1992 ndipo ripoti ya wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ikubali kwamba kinu chenyewe kilikuwa na hitilafu nzito ya muundo.

Halafu kuna habari ya kipimo. Vifaa vilivyopatikana kwa urahisi usiku ule vilikuwa na kikomo: rentgeni 3.6 kwa saa. Mshale ulifika mwisho, ukakwama. Namba hiyo ndiyo iliyopelekwa juu kwa wakubwa, 3.6, nao wakapumua, maana haikuwa mbaya mno. Kwenye mabaki ya kinu kiwango halisi kilikuwa maelfu ya rentgeni kwa saa. Aliyesema kwamba mshale umekwama kwa sababu chombo hakiwezi kusoma zaidi hakusikilizwa.

Mchana tulikula katika kantini ya wafanyakazi wa kituo. Kabla ya kuingia unapanda kwenye mashine ya chuma, unaweka viganja pande mbili, na taa ya kijani ikiwaka kizuizi kinafunguka. Tulipewa supu ya kiazisukari chekundu, kuku, wali na kipande cha keki. Chakula chote huletwa kutoka nje ya eneo. Vinu vingine vya kituo hiki viliendelea kuzalisha umeme baada ya maafa, na cha mwisho, nambari tatu, kilizimwa Desemba 15, 2000. Hilo liliwashangaza wenzetu wengi mezani.

Yule mama wa Kipolandi alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Hapo mezani akaanza kusimulia, na mwanawe akitafsiri pale Kiingereza chake kilipokwama. Mwaka 1986 alikuwa darasa la pili. Siku moja wanafunzi walipangwa mstari shuleni, kila mmoja akanyweshwa kikombe cha maji ya kahawia, machungu, yaliyowaachia midomo yenye madoa. Walikuwa hawajui ni nini. Yalikuwa maji ya iodini. Vituo vya Poland vilikuwa vimenasa mionzi hewani, Moscow ilikuwa inanyamaza, na wanasayansi wa huko hawakusubiri ruhusa. Katika siku chache zilizofuata Aprili 29, watoto zaidi ya milioni kumi wa Poland walinyweshwa dawa hiyo.

"Mjomba, unajua kwa nini?" mpwa wangu alininong'oneza, macho yakimwaka kama mwanafunzi aliyeona swali la mtihani. Tezi ya shingo, akaeleza, hutaka iodini na haibagui. Ikishibishwa iodini salama, ile yenye mionzi inayotoka kwenye kinu haipati nafasi. Na iodini yenye mionzi hupungua nusu kila baada ya siku nane, kwa hiyo ukimlinda mtoto kwa wiki chache za mwanzo umemaliza kazi kubwa. Watoto wa vijiji vya Ukraine, Belarus na sehemu za Urusi waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yaliyonyeshewa. Hadi mwaka 2005, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule walikuwa wameugua saratani ya tezi ya shingo. Wengi walitibiwa wakapona, lakini sehemu kubwa ya ugonjwa huo ingeweza kuzuiwa na kikombe cha maji machungu na onyo la kutokunywa maziwa.

Wakati tukitoka, mama yule aliniambia kwamba mama yake mzazi alikasirika sana siku ile, akidhani shule imewanywesha watoto sumu. "Alishukuru baadaye," akasema.

Pripyat tuliiacha mwisho. Ni mji uliojengwa mwaka 1970 kwa ajili ya wafanyakazi wa kituo, kilomita tatu tu kutoka kwenye vinu, na ulikuwa na watu karibu 49,000, wengi wao vijana wenye watoto wadogo. Kwa vipimo vya Muungano wa Kisovieti ulikuwa mji wa kuonewa wivu, na madukani kulipatikana vitu ambavyo kwingine watu walivipangia foleni ndefu. Barabara kuu sasa ni njia ya msituni. Maghorofa yamesimama nyuma ya miti, madirisha wazi, na kuingia ndani kumekatazwa kwa sababu ya sakafu zinazoanguka. Tulipita mbele ya hoteli ya Polissya, ukumbi wa Energetik, dimbwi la kuogelea, hadi kwenye bustani ya michezo. Gurudumu kubwa la njano la kupanda watoto limesimama hapo na kutu yake. Lilikuwa lizinduliwe Mei Mosi, siku tano baada ya mlipuko.

Waingereza walivaa vinyago vyao, wakajipanga mbele ya gurudumu. Mwongozaji aliwapiga picha bila kinyongo. Kisha akawaonyesha kipande kidogo cha kuvumwani kwenye nyufa za lami, umbali wa mguu mmoja kutoka waliposimama, akashusha kipimo. Kilipiga kelele. Wakasogea, na mmoja akakivua kinyago ili aone vizuri alipokanyaga.

Nilimwomba mwongozaji anionyeshe mahali mabasi yaliposimama. Akanyoosha mkono kwenye mitaa yote kwa pamoja. Mlipuko ulitokea usiku wa kuamkia Jumamosi. Jumamosi nzima watoto walikwenda shule, watu walifanya harusi, akina mama walisukuma vigari vya watoto, huku wanajeshi wakiosha barabara na simu za kwenda nje zikiwa zimekatwa. Jumapili Aprili 27, saa 8 mchana, zaidi ya mabasi elfu moja yalianza kuwachukua. Waliambiwa ni kwa siku tatu, wachukue vitambulisho na chakula kidogo. Mbwa na paka waliachwa, na baadaye wanajeshi wakaletwa kuwapiga risasi. Mbwa tuliowaona siku ile, wenye vibandiko masikioni vya kuonyesha wamechanjwa, wanasemekana kuwa kizazi cha walionusurika.

Kati ya mlipuko na mabasi zilipita saa 36. Dunia ilisubiri zaidi. Jumatatu Aprili 28, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia cha Forsmark, Sweden, alipita kwenye mashine ya kupima, na viatu vyake vikaiamsha kengele. Hapo ndipo Moscow ilipobanwa, na usiku huo ikatoa taarifa ya sentensi chache. Mei Mosi watoto wa Kyiv waliandamana barabarani na maua mkononi, upepo ukiwa umegeukia upande wao. Mikhail Gorbachev alizungumza na wananchi wake kwenye televisheni Mei 14.

Jioni, kwenye kizuizi cha kutokea, tulipita tena kwenye mashine za chuma. Taa ya kijani iliwaka kwa kila mmoja wetu. Mwongozaji alisoma jumla ya mionzi tuliyopata kwa siku nzima: kama maikrosiveti tatu. Ndege iliyonileta kutoka Dar es Salaam, ikiruka juu ambako miale ya anga haina kizuizi kikubwa, ilinipa mara kadhaa ya hiyo. Kijana mmoja aliuliza kama basi hofu yote ya Chernobyl ni bure. Mwongozaji alimjibu kwamba nchi yake bado inapata karibu nusu ya umeme wake kwenye vinu vya nyuklia, na yeye mwenyewe anautumia. "Leo mko salama kwa sababu kila mita mliyokanyaga ilipimwa, na aliyepima aliwaambia ukweli. Mwaka 1986 watu walikuwa na macho tu."

Watalii hawaendi tena. Februari 24, 2022, majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine kupitia eneo hilohilo, yakakalia kituo hadi mwisho wa Machi, na askari wake wakachimba mahandaki katika Msitu Mwekundu, pale miti ya misonobari iliyouawa na mionzi ilipofukiwa. Mpwa wangu aliondoka Kyiv kwa treni, akavuka mpaka wa Poland pamoja na maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika, na masomo yake akayamalizia kwingine. Februari 14, 2025, droni ilipiga lile tao nililoliona liking'aa, ikatoboa tundu kwenye paa lake. Halikuwa limemaliza hata miaka kumi kati ya mia iliyoahidiwa.

Nimeandika haya kwa sababu nyuklia si habari ya mbali tena kwetu. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na watu ambao hawakuambiwa wanachimba nini. Namtumbo, mkoani Ruvuma, urani iko ardhini na mradi wa Mto Mkuju umezungumzwa kwa miaka mingi. Kenya inataka kinu chake cha kwanza. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukikataa, na mazungumzo yakahamia Siaya, kando ya ziwa. Sina ugomvi na umeme. Tunauhitaji, na kinu kilichojengwa vizuri kinaweza kuutoa kwa miongo mingi bila moshi.

Lakini siku wataalamu watakapokuja kijijini kwako na michoro ya rangi na ahadi za ajira, usianze kwa kuuliza megawati. Uliza kipimo cha mionzi kitakuwa mikononi mwa nani, na kama mtu huyo ana haki ya kusimama sokoni na kuitangaza namba aliyoiona bila kuomba kibali cha mkubwa yeyote. Uliza dawa ya iodini itahifadhiwa zahanati gani, na mabasi yatatoka wapi. Wakikujibu kwamba taarifa zote zitatolewa na mamlaka husika kwa wakati mwafaka, wakatalie hadi warudi na jibu jingine.